Biriani ya Ashwaq

Ijumaa ile Mwatima alipika biriani ya mbuzi, na binti yake akawekewa tango.

Tango lenyewe halikutiwa hata chumvi, maana kocha kasema chumvi inazuia maji mwilini. Ashwaq alilikata vipande vyembamba, akavipanga ukingoni mwa sahani, na kila baada ya muda akainua kikombe cha plastiki akatema mate. Mtoto wa miaka kumi na sita, mifupa yake inadai haki yake, kakaa mbele ya sinia la biriani anatafuna ubani ili mate yajae apate kuyatema apungue uzito! Na mama mwenyewe ndiye mpishi anayetegemewa mtaa mzima wa Rashidiya, hapa Dubai. Sambusa zake na katlesi zake huagizwa mpaka na majirani Waarabu wakiwa na harusi. Analisha watoto wa watu wanashiba wanajilamba vidole, wa kwake anamtazama akitema.

"Ashu, onja nyama. Kipande kimoja tu, kitakuua?"

"Mwache," alisema Abdullatif, mumewe, bila kuinua uso. "Kipande kimoja hicho hicho ndicho kinachomtoa mtu kwenye mizani. Mwezi wa tatu si mbali."

Mwezi wa tatu ndio wa mashindano. Ashwaq alikuwa mchezaji wa jujitsu, ile mieleka ya kukabana chini kwenye mkeka, iliyoingia mashuleni Dubai miaka hiyo kwa kishindo, wasichana ukumbini kwao na wavulana kwao. Alianza kwa mzaha tu na wenziwe. Kumbe mtoto yule mpole, asiyejua kupandisha sauti, ana mkono wa kukaba. Akikupata shingoni huna ujanja, utaugonga mkeka mwenyewe kuomba uachiwe. Klabu kubwa ikamchukua, na katibu wa klabu ile alikuwa Bwana Msellem, aliyezaliwa mtaa mmoja na Abdullatif, baba zao wakiwa wametoka Unguja safari moja.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe, bora tuliseme waziwazi. Zamani, ilipotangazwa kwamba wageni wa siku nyingi waende wakajiandikishe uraia, babake Msellem alikwenda. Babake Abdullatif, marehemu Mzee Soud, alicheka. Ya nini kujiandikisha, na sisi mwakani tunarudi kwetu? Kila mwaka ilikuwa mwakani, mpaka mzee akazikwa hapa hapa kwenye mchanga wa Dubai. Leo Msellem ni mwananchi, ana nyumba na cheo. Abdullatif anashika pasipoti ya nchi ambayo hajaikanyaga hata siku moja, na kila baada ya muda anahangaikia ikama, kibali cha kuishi mahali alipozaliwa. Safari hii kibali kilikuwa kimekwama. Faili lilikwenda likarudi, likaenda tena, likarudi tena, na ikama ikiisha kazi nayo imekwisha. Ndipo kwenye hitima moja Msellem akamshika mkono, akamwambia, "Binti yako akichukua dhahabu mwezi wa tatu, faili lenu nitalibeba mimi mwenyewe nilipeleke kwa wakubwa. Bingwa hafukuzwi, bwana."

Abdullatif alirudi nyumbani siku ile anatembea taratibu kama mtu aliyebeba yai. Kesho yake akanunua mizani, akaiweka ukumbini, mtoto asipite asipande.

"Jana kazini kulikuwa na kichekesho," alisema sasa, akivunja mfupa. Alikuwa karani wa ghala la kampuni moja ya mizigo, pale Airport Freezone. "Kaletwa mbwa wa kwenda Uingereza. Ana kreti lake, ana maji yake, na sikilizeni basi, ana pasipoti! Nimeishika kwa mkono huu. Picha yake imo, sindano zake zimeandikwa, mihuri yote imegongwa. Mbwa, jamani! Hana alichopungukiwa."

Akacheka peke yake. Kicheko kilipomwishia, Ashwaq akauliza, "Alikuwa na doa jeupe hapa juu ya jicho, Baba?"

"Nani?"

"Huyo mbwa."

"Alaa! Mie nimtazame mbwa macho? Kula tango lako."

Ashwaq aliinamisha kichwa. Mwatima aliona machozi yamemlenga, na aliona pia kwamba mtoto anatabasamu. Hakuelewa.

* * *

Alielewa Jumatatu yake, alipoingia bafuni kusugua sakafu. Nyuma ya ndoo kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo kulikuwa na udongo.

Mtu mwengine angeuona udongo, akaumwaga, yakaisha. Lakini Mwatima alisoma chuoni kwa Bi Zuwena, alichapwa bakora za kutosha, na sheria za najisi anazijua kama anavyojua jina lake. Mate ya mbwa yakikupata huoshi mara moja. Unaosha mara saba, na moja katika hizo unachanganya maji na udongo. Kwa hiyo udongo bafuni hauna kazi nyingine kwa Mwislamu. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kopo mapajani, akasahau hata kuufunga mfereji.

Ashwaq aliporudi skuli alimkuta mama kaliweka kopo juu ya meza.

"Nani kagusa mbwa, Ashwaq?"

"Nimeosha, Mama. Mara saba, na udongo. Kila nikirudi."

"Kila ukirudi? Kwani unakwenda mara ngapi? Ya Rabi! Unakwenda wapi?"

Mtoto akaanza kusema, na alipoanza hakunyamaza. Skuli iliwapeleka Al Quoz, huko kwenye magereji na maghala, kusaidia mahali wanapolelewa mbwa walioachwa. Mzungu anakosa kazi, anafungasha, anakwenda zake uwanja wa ndege, na mbwa wake anamfunga kwenye geti la nyumba tupu. Wengine hukaa pale juani mpaka kamba iwaingie shingoni. Wenziwe walipiga picha wakaondoka. Yeye akarudi, akarudi tena, siku ambazo nyumbani aliaga kwamba ana mazoezi ya ziada. Yule mwenye doa jeupe, aliyepata wa kumchukua Uingereza, alimuuguza mwenyewe kidonda, akajifunza kumfunga bendeji, na daktari wa pale kamwambia ana mkono mzuri.

"Mkono mzuri," Mwatima alirudia.

"Mama, jujitsu nataka kuiacha."

"Usiseme hivyo."

"Nikimkaba mtu nasikia koo lake linavyokoroma hapa, kwenye mkono wangu. Usiku nalala nalisikia. Na njaa, Mama. Nina njaa mpaka nikiwa usingizini. Mimi nataka niwe daktari wa wanyama, basi. Niambie nitamwambiaje Baba."

Mwatima alimvuta, akamkumbatia, na mgongo wa mtoto ulikuwa mifupa mitupu. Alitaka kumwambia acha, mwanangu, acha leo hii. Midomo ikasema jengine.

"Ngoja mwezi wa tatu upite. Mimi na wewe tutazungumza naye. Ngoja upite tu."

Alilirudisha kopo nyuma ya ndoo, wala hakumwambia mumewe kitu.

* * *

Lakini mama ni mama. Hakuweza kukaa bila kupaona, maana hujui, Al Quoz ile ni ya wanaume na malori. Jumamosi moja Abdullatif akiwa zamu, waliaga kwamba wanakwenda mazoezini, wakapanda metro, halafu teksi. Njia nzima Mwatima alikuwa akisoma nyiradi kimoyomoyo.

Mlango wa bati ulipofunguliwa, kelele za mbwa zilimtoa roho. Alikusanya buibui lake mpaka magotini, akarukia juu ya benchi la saruji, akasimama hapo kama mtu aliyezingirwa na mafuriko.

"Karibu, Mama Ashwaq! Shuka tu, hawa hawaumi mtu," alicheka mwanamke mmoja mnene mwenye gambuti na bomba la maji mkononi. Huyo alikuwa Metrine, Mkenya wa Kakamega, aliyeajiriwa kuwaosha mbwa na kufagia vibanda. "Hata mimi nilikuwa namna hiyo. Nyumbani mbwa ni wa kulinda boma, humuoshi, unamtupia ugali na unamfukuza. Sasa huku naosha mbwa na shampuu yenye mimi mwenyewe sijawahi nunua!"

"Mimi niko sawa hapa hapa juu, mwanangu. Nyie endeleeni."

"Haya basi, kaa kwa stage yako. Ashu, kuja umwone yule wa jana, amekula!"

Na Mwatima, juu ya benchi lake, akamwona binti yake. Alimwona akipiga magoti mbele ya mbwa mmoja mchafu, mbavu nje, anayetetemeka pembeni mwa kibanda. Hakumshika. Alikaa tu chini, akampa ubavu, akawa anazungumza naye Kiswahili polepole, "Njoo basi, njoo, nani kakuudhi wewe?" mpaka mnyama akajisogeza mwenyewe, akalaza kichwa gotini pake. Kisha Metrine akamega chapati yake, akampa Ashwaq kipande bila kumuuliza, na Ashwaq akakila. Alikila chote, akalamba na vidole. Mwatima hakumbuki mara ya mwisho kumwona mwanawe akitafuna kitu akakimeza.

"Huyu mtoto wako asiachie hapa," Metrine alimwambia, akija na bomba lake. "Madam Harriet, mwenye hii place, anataka kumweka msaidizi wa daktari kila Jumamosi. Watamfundisha. Tena bure. Unajua watu wanalipa fees ngapi kufundishwa hii kazi?"

"Babake hajui."

"Ai! Basi mwambie."

"Inshallah," alisema Mwatima, ile inshallah ya mtu asiyejua atafanyaje.

Alipokuwa anashuka benchi kuondoka, mbwa mmoja mdogo alipita mbio akamlamba pindo la buibui. Mwatima alipiga ukelele uliomnyamazisha hata yule mbwa. Metrine alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji.

* * *

Buibui lile ndilo lililowaumbua. Alipofika nyumbani Mwatima hakungoja hata kunywa maji. Aliingia bafuni akalifua, kopo zima la udongo, mara saba kama alivyofunzwa na Bi Zuwena, akalianika, kisha akakimbilia oda ya sambusa za watu. Hakukumbuka kwamba udongo ukiwa mwingi unaziba bomba la chini. Abdullatif alirudi kazini, akavua viatu, akakunja suruali aende kutia udhu wa magharibi, na mguu wake ukazama kwenye tope.

"Mwatima!"

Alikuja mbio, na Ashwaq nyuma yake. Baba alikuwa amesimama bafuni, maji mekundu yanamfika vifundoni, kopo tupu mkononi. Na yeye pia alisoma chuoni.

"Nani kagusa mbwa nyumba hii?"

"Mimi," alisema Ashwaq.

"Mimi," alisema Mwatima.

Walisema kwa pamoja. Siku nyengine wangecheka wote watatu.

Ikasemwa yote, Al Quoz, mbwa wa doa jeupe, mazoezi ya uongo, kazi ya Jumamosi. Abdullatif alisikiliza akiwa bado ndani ya tope. Mwatima alimngoja apige kelele, na alikuwa tayari kwa kelele. Alikuwa kishapanga maneno yake, kwamba mtoto ana njaa, mtoto hataki, mtoto si mbuzi wa kupimwa uzito kila siku asubuhi. Lakini mume hakupiga kelele. Alitoka, akakaa chini ukumbini, ubavuni mwa ile mizani, suruali bado imekunjwa.

"Wiki hii nimeletewa kijana," alisema. "Arbab, bosi wetu, kaniambia nimfundishe kazi. Kazi gani, namuuliza. Kazi yako, ananiambia, maana faili lako hatujui. Basi namfundisha. Namwonyesha makaratasi, namwonyesha funguo, nampa na chai yangu. Kijana mzuri, ana adabu, ananiita 'ami'. Sasa nimchukie?"

"Hukutuambia," alisema Mwatima.

"Nikuambie nini? Ufanye nini?" Akamgeukia binti yake. "Jana nimekwenda klabuni kwa Msellem na kisanduku cha halua. Nimekaa kwenye korido kama mtu aliyekuja kuomba sadaka. Vijana wanapita wananiuliza, mzee, umeleta oda? Nikasema ndiyo, nimeleta oda. Mimi sikulazimishi, mwanangu. Nani atakulazimisha? Lakini sina mlango mwengine. Nimebisha yote. Huu wako ndio uliobaki."

Ashwaq alikuwa analia bila sauti. Angelitukanwa, angelijua la kufanya. Mtoto anayetukanwa anaweza kugoma, anaweza kununa, anaweza kufunga mlango kwa kishindo. Baba aliyekaa chini na miguu yenye tope, unamfanyaje?

"Chukua dhahabu hiyo moja," alisema Abdullatif. "Moja tu. Ukiipata, wallahi, khalas. Uache. Uende kwa mbwa wako Jumamosi na Jumapili, na udongo nitakuletea mimi mwenyewe."

"Kweli, Baba?"

"Nimeapa, ati."

"Na mimi," alidakia Mwatima, akifuta machozi kwa mkono wenye unga, "siku hiyo nitakupikia biriani yako peke yako. Sinia zima. Hatii mkono mtu."

Ashwaq akacheka akiwa analia. Akapanda kwenye mizani bila kuambiwa.

* * *

Mtu anayeuona mwisho wa safari hutembea mbio. Mwezi ule Ashwaq alifanya mazoezi kama kichaa. Alikimbia kavaa mifuko ya plastiki ndani ya nguo ili atoke jasho, alitema mate, alilala na njaa akaamka nayo, na kila siku alihesabu kilichobaki. Metrine alimtumia picha za mbwa kwenye simu, na ndizo alizokuwa akizitazama akila matango.

Siku ya mashindano Mwatima alikaa jukwaa la wanawake, jicho moja kalifumba. Fainali alikutana na msichana mrefu mwenye nguvu, wakagaragazana mpaka Mwatima akawa hajui mguu upi ni wa nani. Kisha mkono ukaingia shingoni, ule mkono mzuri wa kufunga bendeji. Mama alimwona binti yake kafumba macho, kageuza uso pembeni asimtazame yule anayemkaba. Msichana akaugonga mkeka. Ukumbi ukalipuka. Ashwaq alimwachia haraka, akamshika mwenziwe bega, akawa anamuuliza kitu, na mwamuzi ikabidi amvute mkono juu.

Jioni ile ile Abdullatif aliteremka kwenye teksi na mfuko mzito begani. Alikuwa kapita duka la maua, kanunua mfuko wa udongo, mwekundu, safi, wa kupandia maua. Aliuegemeza uani karibu na mfereji, akapangusa mikono.

"Ahadi ni ahadi," alisema, na uso wake ulikuwa wa kijana.

* * *

Ijumaa iliyofuata Msellem alialikwa. Alikuja baada ya sala, kanzu nyeupe, manukato yamemtangulia mlangoni. Mtu mchangamfu, mwenye maneno mazuri kwa kila mtu. Ashwaq akampa mkono, akasema, "Shikamoo, ami," naye akasema, "Marahaba, bingwa wetu!" akamtolea na peremende mfukoni kama alivyokuwa akimpa alipokuwa mdogo.

Mwatima alipakua sinia mbili. Moja ya watu, na moja ndogo, ya mtu mmoja, aliyoiweka mbele ya Ashwaq bila kusema kitu. Nyama laini, viazi vya rangi, zabibu kavu, rojo limemiminwa mpaka likatua. Ashwaq aliitazama, akamtazama mama yake, wakacheka kwa macho. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Al Quoz walikuwa wanamngoja. Akasema bismillahi, akatia mkono, akafinyanga tonge, akalila. Akalila la pili. Mwatima aliona koo la mwanawe linapanda na kushuka, na chakula chake mwenyewe kikawa kitamu.

"Nimelipeleka faili," alisema Msellem, naye akila vizuri.

Abdullatif aliacha kutafuna.

"Nimelipeleka kwa mkono wangu. Wamelipokea vizuri sana. Bint mumtaz, binti hodari, wamesema. Ila kuna kijambo. Dhahabu hii ni ya watoto, unaona. Wao wanaangalia timu ya wakubwa. Yeye ataingia wakubwa mwakani." Akachukua kipande cha kachumbari. "Sasa nimewaombea, na hao wenye mamlaka ni watu wa maana. Wanaweza kukusogezea ikama mpaka hapo, kwa ajili yake, kwa kuwa ni mchezaji wetu. Ilimradi abaki na uzito ule ule tu. Mwakani, inshallah, mambo yatakuwa mazuri."

Nje gari la aiskrimu lilikuwa linapiga kengele zake.

"Na kama," Abdullatif alianza, akaliweka tonge chini. "Na kama asiwe mchezaji tena, Msellem? Yaani, tuseme mtoto kachoka. Kuna neno nilimpa."

"Neno gani?" Msellem alishangaa kwelikweli. Hakuwa mtu mbaya, na ndilo lililozidi kumchanganya Mwatima, kwamba hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. "Akiacha, ndugu yangu, mimi nitarudi kwa wale nikasemeje? Nitasema nawaombea nani?"

Abdullatif aliliangalia birika la kahawa. Alifungua mdomo, na Mwatima aliona wazi kwamba anataka kulishika neno lake, anatafuta pa kulishikia, hapaoni. Yule mzee Soud aliyecheka akasema mwakani tunarudi, kama angelikuwepo pale, na yeye angelikaa kimya.

"Hakuna neno, ami," alisema Ashwaq. Tonge la tatu lilikuwa bado mdomoni, shavu limevimba. "Baba anatania. Mwakani, inshallah."

"Haya! Huyo ndiye bingwa!"

Ashwaq aliondoka kwenye mkeka, akaenda uani. Kupitia dirisha la jikoni Mwatima, aliyejifanya anafuata maji, alimwona amesimama mbele ya mfereji, pembeni mwa ule mfuko wa udongo usiofunguliwa. Aliinama akalitema lile tonge. Akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena, mara nyingi kama mtu anayejitohara. Kisha akatoa simu, akamwandikia Metrine kitu kifupi, akairudisha mfukoni.

Mwatima alitaka kutoka. Alitaka kumwambia rudi, kula, tutafukuzwa wote kama ni kufukuzwa, tutakwenda popote. Mguu haukunyanyuka. Na kilichomuumiza, kilichomfanya ashike ukingo wa sinki kwa mikono miwili, ni kwamba aliposikia "mwakani, inshallah" kwa sauti ya mwanawe, moyo wake ulitulia. Ulitulia kweli, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alijichukia, lakini hakuweza kuukataza.

"Bi Mwatima!" Msellem aliita kutoka ukumbini, anacheka. "Leo umetuua. Mama watoto hatonisamehe nikirudi mikono mitupu. Huna kidogo cha kumpelekea?"

Kwenye sinia la watu mlikuwa mmebaki wali wa chini na mifupa. Abdullatif hakumtazama mkewe. Mwatima akachukua bakuli lenye mfuniko, akakaa chini mbele ya sinia dogo, akafuta alama za vidole vitatu vya Ashwaq kwa mwiko, akapakua yote, nyama, viazi, zabibu, asibakishe kitu. Akalifunga vizuri kwa kitambaa, akampa.

"Msalimie," alisema.